Ukoko wa Kiazi

Kwa shangazi yangu, huko Mlola milimani, wali ukikauka maji hauepuliwi. Shangazi huvuta kuni nje ya mafiga, huchota makaa kwa kipande cha bati, huyapalia juu ya mfuniko, kisha huondoka kwenda kuchuma mboga. Akirudi, wali umechambuka punje kwa punje, na chini ya sufuria umeshajijengea ukoko. Tulipokuwa wadogo hatukugombea wali. Tuligombea ukoko, ule mkavu wa rangi ya asali, unaolia mdomoni. Aliyeteka maji siku hiyo ndiye aliyepewa kipande kikubwa, na hakuna aliyebisha.

Miaka mingi baadaye nilipanda tena huko likizo nikiwa na shauku ya kupika nyumbani kuku wa kuoka mwenye ngozi kavu, pamoja na viazi vya kuoka, kama nilivyokula mjini. Nilimwambia shangazi kwamba kinachonikwamisha ni oveni. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo oveni inafanya nini ambacho makaa hayafanyi?" Nilikosa la kusema. Nimekipika chakula hicho mara nyingi tangu siku ile, mara nyingine kikaniharibikia, na sasa naweza kumjibu: haifanyi kitu ambacho yeye hakifanyi kila anapopika wali. Kuoka ni kupalia. Kinachotushinda majumbani si moto, ni maji. Tunaviweka motoni vitu vilivyolowa, halafu tunashangaa kwa nini havikauki.

Kwenda Mlola unapanda kutoka Lushoto mjini hadi Magamba, ubavuni mwa msitu wa hifadhi, ndipo unaishika barabara inayoelekea huko. Njia nzima ni miteremko iliyolimwa: viazi, kabichi, karoti, maharage, na migomba iliyosimama karibu na nyumba. Siku ya kupakia utayakuta magunia kando ya barabara, yamejazwa hadi mdomoni, kisha yakajengewa kilemba juu ya mdomo na kushonwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo wamepambana nayo miaka nenda miaka rudi, lakini mkulima anayeogopa viazi vyake kuozea shambani huuza gunia na kilemba chake kwa bei ya gunia. Mzigo unateremka Soni, unatokea Mombo kwenye barabara kuu, unaishia Tanga na Dar es Salaam ndani ya karai la mafuta. Kijana wa Mlola akifika mjini hununua sahani ya chipsi kuku na kuiona ni chakula cha sherehe. Kiazi kilichomo huenda kimetoka kwenye tuta la baba yake.

Jambo hili linaniuma. Sina ugomvi na chipsi. Linaloniuma ni kwamba kwenye milima inayokilima, kiazi hupewa kazi tatu tu: kuchemshwa kiliwe na chai, kupondwa pamoja na maharage, au kuongeza uzito wa mchuzi. Ni vyakula vizuri, nimekuzwa navyo. Ila utamu wa kiazi kilichokauka nje na kulainika ndani tumewaachia wauza chipsi, na tumeamini kwamba ukiutaka nyumbani sharti uwe na oveni ya umeme na jiko lenye vigae.

Kiazi chenyewe ni mgeni aliyezoea. Kimetoka milima ya Andes, Amerika Kusini, kililimwa huko maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajakivusha kwenda Ulaya katika karne ya 16. Majina yake bado yanasimulia safari. Bara wengi walikiita kiazi ulaya, pwani wanakiita mbatata, neno lililokuja na Wareno. Wajerumani walipoiita Lushoto Wilhelmstal walikuwa pia na shamba la majaribio huko Kwai, katika miaka ya 1890, wakitafuta mazao ya kwao yanayoweza kuvumilia baridi ya milima hii ya Usambara. Baridi hiyo ndiyo iliyompa mkulima wa hapa zao la biashara, na ndiyo inayompa mpishi kazi kidogo ya ziada, kama nitakavyoeleza.

Sasa tuingie mekoni.

Kitu chenye maji hakiwezi kupata joto zaidi ya lile la maji yanayochemka mpaka maji hayo yaondoke. Tanga mjini, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Lushoto, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, huchemka karibu na nyuzi 95. Rangi ya ukoko, harufu yake na ule utamu wenye uchungu kwa mbali huja ngozi ya chakula inapopita nyuzi 140 hivi, pale protini na sukari zinaposhikana na kugeuka kitu kipya. Mfaransa aliyeyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1912 aliitwa Louis-Camille Maillard, na wanakemia hadi leo huyaita kwa jina lake. Kati ya nyuzi 95 na 140 kuna pengo, na pengo hilo limejaa maji. Hata ukichochea moto namna gani, kama ngozi ya kuku ingali inatoa jasho, itabaki pale pale kwenye joto la kuchemka, nyeupe na legelege, huku nyama ya ndani ikipitiliza.

Ndiyo maana ukoko wa wali haujengeki mpaka maji yaishe. Shangazi anajua hilo kwa sikio. Sufuria inayotokota huguguma. Maji yakiisha huanza kutoa mlio mwembamba, kama majani makavu yanayokanyagwa kwa mbali. Hapo ndipo anapopalia. Hajawahi kupalia kabla ya mlio huo.

Nianze na kuku, kwa sababu ndiye anayehitaji uamuzi mapema. Kuku wa kisasa, yule aliyekua kwa wiki chache, ana nyama laini na mafuta mengi chini ya ngozi. Anaweza kwenda motoni mbichi na akaiva kabla hajakauka. Mlola, kuku anayekatiza uani ni wa kienyeji. Ametembea na amekimbia mwewe, na nyuzi zinazoshika nyama yake zimekomaa. Ukimwoka akiwa mbichi utapata ngozi nzuri na nyama ya kuvutana nayo. Nyuzi hizo hulainika kwa unyevu na muda, zikageuka ule ute unaoufanya mchuzi wa kuku ugande ukipoa. Basi kuku wa kienyeji achemshwe kwanza. Kama una hiari chagua pora au tembe. Mtetea aliyekwisha kutaga miaka miwili anataka saa mbili za moto mdogo, pora anaweza kutosheka na dakika 45. Weka chumvi, tangawizi, kitunguu saumu kilichopondwa, na maji ya kumfunika tu. Usimwache aive hadi nyama ianze kuachana na mfupa. Uma upenye kwa kusukumwa kidogo, basi, mtoe.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu vya mapishi vya wageni haviligusi, nami naliona ndilo kiini cha kwa nini kuku wa kuoka hakuota mizizi kwenye nyumba zetu. Kuku mmoja wa mchuzi hulisha watu wanane. Kila mtu anapata kipande, hata kama ni shingo au bawa, na mchuzi unafika kila sahani. Mtoto aliyepata mguu wenye mfupa mtupu analowanisha ugali wake na kula ladha ile ile anayokula babu mwenye firigisi. Kuku wa kuoka hana mchuzi. Akiwekwa mezani mzima na kukatwa, wanne watashiba na wanne watatazama. Mama wa nyumba anayekataa kuoka kuku hajashindwa na mambo ya kisasa. Amepiga hesabu ya watu wake, na hesabu yake ni sahihi.

Kumchemsha kwanza kunaiponya hesabu hiyo. Maji aliyochemkia yanakuwa supu, na supu ikiunganishwa na nyanya na kitunguu inakuwa mchuzi. Juu ya supu yanaelea mafuta ya manjano. Yaenguliwe kwa kijiko yawekwe pembeni, kwa kuwa ndiyo yatakayokaangia viazi. Hivyo kuku yule yule ametoa nyama ya kuoka, mchuzi wa kufika kila sahani, na mafuta yanayopeleka ladha yake ndani ya kilo mbili za viazi. Aliyepata bawa sasa ana bawa kavu lenye ngozi inayolia, viazi vinavyonukia kuku, na mchuzi wa kutowelea.

Baada ya kuchemka, kuku akaushwe. Mtoe akiwa wa moto sana, umchuje, umkate vipande vikubwa na uvipange juu ya waya au kwenye chungio, vipande visigusane. Joto lake lenyewe linaondoa maji: unauona mvuke ukipanda na ngozi ikipoteza mng'aro, ikianza kushika vidole kidogo. Robo saa inatosha. Wapishi wa nchi za friji humwacha kuku mbichi kwenye ubaridi usiku kucha ngozi ikauke. Pasipo na friji hilo lisijaribiwe, hata Juni na Julai, kwani ubaridi wa usiku wa Lushoto bado si ubaridi wa kuzuia nyama mbichi isiharibike. Njia ya kuchemsha na kumwacha atoe mvuke ni salama zaidi kwetu, na ni ya haraka.

Kisha mpake. Mafuta kidogo ya alizeti, chumvi, pilipili manga, binzari nyembamba. Nyunyiza juu unga mkavu, vijiko viwili vya sembe au unga wa muhogo kwa kuku mmoja. Unga wa muhogo ndio ninaoupenda: hushika utando mwembamba unaovunjika kama kioo, ilhali unga wa ngano hufanya ngozi ya kutafuna. Ukiongeza chembe mbili tatu za magadi soda kwenye unga huo rangi inakuja mapema, maana mabadiliko yale ya Maillard hupenda hali ya magadi na huchelewa kwenye hali ya uchachu. Kwa sababu hiyo hiyo naomba ndimu isubiri. Sisi wa Tanga tuna mazoea ya kumkamulia kuku ndimu kabla ya kila kitu, na kwenye mchuzi inafanya kazi yake vizuri. Kwenye kuoka inazuia rangi. Ikamuliwe mezani.

Viazi navyo vina hiana zao. Kuna kiazi cha unga na kiazi cha maji. Cha unga kina wanga mwingi, kikiiva hupasuka na kumumunyika. Cha maji hubaki kizima na chenye utelezi. Cha unga ndicho kinachotoa ukoko. Wakulima wa Mlola hukitambua kwa mbegu, kwa tuta na kwa msimu, na mkulima mzoefu atakwambia kwamba kiazi kilichochimbwa mvua ikiendelea huwa kimekunywa maji. Kama huna mkulima wa kumuuliza, kuna kipimo cha chumvi. Koroga kikombe kimoja cha chumvi kwenye vikombe kumi na moja vya maji, tumbukiza viazi vyako kimoja kimoja. Kizito, chenye unga, kitazama. Cha maji kitaelea. Maji hayo hayamwagwi, yanapima debe zima. Nilipomwonyesha shangazi, alivitazama viazi viwili vilivyoelea, akavitoa, akavipeleka kwenye chungu cha maharage. Huko ndiko kwao: haviharibiki vikipikwa muda mrefu.

Neno moja kuhusu kuhifadhi, kwa wenye friji mjini. Kiazi kinachokaa kwenye baridi kali hugeuza wanga wake kuwa sukari. Ukija kukioka kinakuwa cheusi kabla hakijakauka, na kina uchungu. Kihifadhiwe mahali penye giza, pakavu, penye ubaridi wa kawaida wa chumba. Mwanga nao ni adui wake mwingine, kwani hukifanya cha kijani na chenye sumu; sehemu ya kijani ikatwe itupwe, na kilichoenea kijani kitupwe chote.

Menya, kata kiazi cha wastani vipande vinne, vianze kwenye maji baridi yenye chumvi. Tia magadi. Nasema magadi nikikumbuka jinsi mama zetu wanavyoyatia kwenye makande ili mahindi na maharage yalainike upesi. Kazi yake kwenye kiazi ni ile ile: huyeyusha gundi inayoshikanisha chembe za mmea, ile inayofanya jemu igande. Upande wa nje wa kipande unachakaa na kuwa kama uji mzito huku moyo wake ungali mgumu. Uji huo wa nje ndio utakaokuwa ukoko. Tumia magadi soda ya dukani, nusu kijiko cha chai kwa lita mbili za maji; magadi ya mawe kutoka bonde la ufa mara nyingi yana floridi nyingi, inayodhuru meno na mifupa, kwa hiyo si ya kutumia kila siku. Usizidishe hata yale ya dukani, viazi vitaonja sabuni.

Na hapa ndipo mwinuko unapodai chake. Maji yanayochemka kwenye nyuzi 95 hupika polepole kuliko ya pwani. Aliyeandika dakika kumi aliandika akiwa usawa wa bahari. Milimani toa kumi na tano, na usiangalie saa, angalia kipande: kisu kipenye bila kukigawa na kingo ziwe zimeanza kufifia. Mwaga maji yote. Rudisha sufuria kwenye joto dogo kwa dakika moja, mvuke upande utoke. Kisha funika, shika masikio ya sufuria kwa kitambaa, na urushe viazi juu na chini mara sita au saba. Usivionee huruma. Vikitoka vimechakaa, vimevaa manyoya ya wanga pande zote, ndipo vimekuwa tayari. Kipande chenye uso laini kina sehemu ndogo ya kukauka. Kilichochakaa kina mabonde na vilele mia, na kila kilele ni ukoko.

Siku ya kwanza niliyafanya haya yote sawasawa, halafu nikayaharibu mwishoni. Nilipanga kuku na viazi kwenye sufuria kubwa, nikafunika mfuniko ukabana barabara, nikapalia makaa kwa wingi. Nikakaa nje saa nzima nikinusa harufu nzuri na kujiona nimefika. Nilipofunua, viazi vilikuwa vimelainika kama vya mchuzi, na ngozi ya kuku imelowa tena. Vimechemka upya kwa mvuke wao wenyewe. Shangazi hakucheka. Alichukua mfuniko, akaugeuza, akanionyesha upande wa ndani: ulikuwa mkavu. "Makaa ya juu yamefanya kazi yake," akasema, "mfuniko haukudondosha. Lakini huo mvuke ulitaka uende wapi?"

Nilikuwa nimeuona mfuniko wa moto maisha yangu yote bila kuelewa kazi yake. Mfuniko wa baridi hugeuza mvuke kuwa matone yanayoangukia chakula. Mfuniko uliopaliwa ni wa moto kuliko mvuke, kwa hiyo hakuna tone. Wali hauhitaji zaidi ya hapo kwa sababu maji yake yameshaisha. Kuku na viazi bado vina maji ndani, yanaendelea kutoka dakika zote zile, lazima yapate mlango. Tangu siku hiyo naweka kipande cha waya mnene kilichokunjwa kati ya mdomo wa sufuria na mfuniko, pembe moja, uwazi wa nusu kidole. Mvuke unatoka na joto linabaki.

Moto wenyewe upangwe hivi. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini unene wa vidole viwili, weka juu yake vijiwe vitatu au kisahani cha bati kilichopinduliwa. Mchanga husambaza joto ili pasiwe na mahali panapoungua peke yake. Waokaji wa keki za jiko la mkaa wanaujua ufundi huu muda mrefu. Weka sufuria hiyo jikoni, uipalie, na uiache ipate moto ikiwa tupu kwa dakika ishirini. Ili kupima, nyunyiza unga kidogo kwenye kipande cha bati uingize ndani: ukipata rangi ya chai ya maziwa ndani ya dakika nne au tano, joto limefika. Ukiwa mweusi, punguza makaa ya chini. Theluthi mbili za makaa zikae juu, theluthi moja chini, maana chini pana chuma kinachogusana na chakula na juu pana hewa tu.

Kwenye sinia la bati linaloingia humo, pasha mafuta uliyoengua kwenye supu mpaka yaanze kumetameta, ndipo utie viazi. Vikilia vinapogusa mafuta, uko sawa. Vikinyamaza vitayanywa mafuta na kuwa vizito. Vipangwe safu moja, visibanane, kwani vikibanana vinapikana kwa mvuke. Kama sinia ni dogo, oka mara mbili. Dakika ishirini na tano, geuza kila kipande, kisha weka vipande vya kuku katikati, ngozi juu, ufunike tena na uongeze makaa mapya juu. Kuku ameshaiva, anadai ngozi tu, kwa hiyo dakika ishirini nyingine zinamtosha.

Najua swali linalofuata, na ni la haki: saa nzima ya makaa kwa chakula kimoja, kwenye milima ambayo misitu yake tunaililia? Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa miaka kumi, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Nimeona mapafu ya wanawake wa ukoo wangu yalivyochoshwa na moshi. Lakini shangazi hanunui mkaa kwa ajili ya kupalia. Kuni za mikaratusi na miwati iliyopandwa kwenye mipaka ya shamba zinachemsha kuku kwa saa moja. Zikimaliza kazi hiyo zimeacha makaa, na makaa hayo ndiyo yanayopanda juu ya mfuniko. Moto mmoja umechemsha, umeoka, na majivu yake ya moto yamepasha maji ya kuoga. Anayetaka kutumia mkaa atafute oveni za mkaa zenye kuta mbili, za aina ambayo shirika la TaTEDO limekuwa likiihimiza kwa waokaji wadogo. Hutunza joto vizuri kuliko sufuria yoyote. Mwenye gesi ya mtungi hana moto wa juu, basi atumie kikaango kizito, aanze ngozi ikiwa chini, asifunike.

Kisha kuna mafuta. Karai la chipsi linahitaji lita moja au mbili ili viazi vielee, na mafuta hayo hurudiwa siku baada ya siku mpaka yawe meusi. Tanzania bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje, na kila bei ya dunia inapotikisika dukani Mlola panatikisika pia. Sinia letu lilitumia vijiko vinne, vitatu vikiwa vya kuku mwenyewe.

Jioni ya mwisho kabla sijateremka Mombo kupanda basi, tulikuwa tisa. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema, umefunika migomba, na mlango wa mekoni ukaachwa nusu wazi. Shangazi aliepua mfuniko akiushika kwa mbali ili jivu lisianguke ndani. Viazi vilikuwa na rangi ya asali, kingo zimekuwa kahawia, na kuku alikuwa akilia bado kwenye mafuta. Alipakua mwenyewe: firigisi kwa mjomba, paja kwa mgeni, mabawa yakagawanywa, mchuzi ukamiminwa kwenye bakuli mbili. Kamwe hatoi sinia kabla hajalikwangua. Vipande vidogo vilivyong'ang'ania kwenye bati, vile vilivyokauka kupita vyote, alivikusanya kwa mwiko, akatazama waliokaa kwenye mkeka, na akauliza nani aliteka maji leo.